Njia ya Ndoo Mbili

Nchi yetu ni nzuri, na asemaye vinginevyo huitwa ofisini akaelezwa jinsi ilivyo nzuri. Jina lake sitalitaja. Si kwa woga, ila wiki ninayoisimulia Bunge lilikuwa linalibadilisha, na sipendi kumpotosha msomaji. Inatosha kusema kuwa nchi hiyo ina mlima mmoja, mawaziri sitini na wawili, na mashine ya kusaga ya bibi yangu, Bi. Nakijwa.

Kutoka mashineni hadi barabara kuu kuna njia ya hatua mia mbili na kumi. Inakatiza shamba lililokuwa la Mzee Elifuraha, ambaye sasa ni marehemu, na haki ya kuipita si ya kuombwa wala kushukuriwa. Baba yake bibi na Mzee Elifuraha waliandikiana kwenye karatasi ya daftari, wakatia dole gumba. Karatasi ninaijua kwa moyo: “Njia hii ni ya mashine na ya waendao mashineni. Upana wake ni wanawake wawili wenye ndoo vichwani, mmoja akienda na mwingine akirudi, wapishane na unga usimwagike.” Siku ya kuipima waliitwa wanawake wawili, ndoo zikajazwa, wakapishanishwa mara tatu, na pale viwiko vyao vilipofika pakapandwa masale, ile mimea ya mipaka isiyokufa hata ukiikasirikia.

Mimi nasoma shule ya bweni ya wasichana, shule yenye nidhamu, ambayo wiki hiyo ilinipa likizo ya wiki mbili peke yangu, kwa barua yenye mhuri. Sababu ya heshima hiyo nitaieleza itakapohitajika.

*

Maendeleo yalifika Jumatatu saa tatu asubuhi, ndani ya malori manne.

Watoto wa Mzee Elifuraha, ambao wanaishi mjini na shamba walilijua kwa picha, walikuwa wameliuza kwa Kampuni ya Upeo wa Macho. Kampuni ilikusudia kujenga Hoteli ya Kimataifa ya Utulivu. Kufikia saa sita mchana shamba lote lilikuwa limezungushiwa mabati mapya, isipokuwa upande wa mashine, na mdomo wa njia yetu ukawa nyuma ya bati la kumi na saba ukihesabu kutoka kwenye geti. Juu ya mabati hayo fundi alichora hoteli itakavyokuwa. Alichora vizuri. Alichora hata njia yetu, na masale yake pande zote mbili, ila waliokuwa wakitembea humo walikuwa wameshika glasi badala ya ndoo, na wote walikuwa wanacheka.

Mlinzi aliyewekwa hapo alikuwa Mzee Senkondo, jirani yetu wa nyumba ya pili. Mimi na bibi tulizunguka kwa nyuma, tukamkuta amevaa kofia iliyomzidi.

“Shikamoo, Mzee Senkondo,” nikamwambia.

“Marahaba. Simama hapo hapo. Wewe ni nani?”

“Mimi Vone. Juzi ulinituma kiberiti.”

“Nakujua. Ila nimeambiwa niulize.”

“Tunataka kupita.”

“Hapa hakuna njia.”

“Unaikanyaga, mzee.”

Aliangalia viatu vyake, akasogea hatua moja kando. “Sasa siikanyagi.”

Bibi alisogea mbele, amejifunga kanga kiunoni kama anayetaka kunyanyua gunia. “Senkondo,” akasema, “Jumamosi mkeo aliniletea debe la mahindi. Nimeshayasaga. Unga uko kwangu. Utaupataje?”

Mzee Senkondo aliinua kofia iliyomfunika macho. “Mama Nakijwa, mimi ni mlinzi.”

“Na leo mlinzi atakula nini?”

“Hilo halimo kwenye mkataba.”

Kuna njia ya nyuma, ya korongoni, ambayo mbuzi huipita akiwa hana la kufanya. Mtu mwenye mikono miwili mitupu anaweza kushuka na kupanda. Mwenye ndoo kichwani hawezi. Na mashine ya kusaga haifuatwi na watu wenye mikono mitupu.

Jioni hiyo Kampuni ilibandika ilani kwenye bati la kumi na saba. Nchi yetu ina Sheria ya Mapito, na sheria hiyo inasema kuwa njia isiyopitwa kwa siku saba mfululizo imefariki. Ofisi itaiandikia hati ya kifo, na mwili wake utakabidhiwa kwa jirani aliye karibu. Jirani aliye karibu alikuwa Kampuni ya Upeo wa Macho. Ilani ilisema: “Njia hii haijapitwa tangu Jumatatu saa sita mchana. Ndugu na jamaa mnatangaziwa.”

*

Kwa miaka thelathini na minane bibi alikuwa akilalamika kuwa kelele za mashine zinampasua kichwa. Sasa mashine ilikuwa kimya, na yeye hakuweza kumaliza hata kikombe kimoja cha chai. Alipaka mkanda grisi. Alifuta vumbi la unga mahali ambapo hapakuwa na vumbi. Alitoka, akasimama kwenye masale ya mwisho, akaangalia mgongo wa mabati, akarudi, akapaka mkanda grisi tena.

“Bibi, kaa kidogo.”

“Nimekaa.”

“Umesimama, bibi.”

“Vone, mashine isiyofikika ni chuma chakavu. Watakuja kuinunua kwa kilo.” Alishika gurudumu lake kama mtu anayepima homa ya mtoto. “Na mimi sijui kuwa bibi wa kukaa.”

Nikaelewa kuwa kinachohesabiwa siku saba si njia peke yake.

*

Jumanne asubuhi tulipita korongoni, bibi viatu mkononi, tukaenda mjini kwenye Ofisi ya Mapito, Vipenyo na Vichochoro. Tulipokewa na Bwana Mzirai, Afisa Mapito Daraja la Kwanza, mtu mwema sana ambaye hajawahi kuvunja kanuni wala kumsaidia mtu.

“Mlalamikaji ni nani?” akauliza.

“Mimi, mwanangu,” bibi akajibu.

“Umefungwa wewe?”

“Imefungwa njia.”

“Basi mlalamikaji ni njia. Kwa nini haijafika?”

“Imefungwa,” nikamkumbusha.

Aliandika: *Mlalamikaji hakufika. Hakutoa udhuru.* Kisha akatufungulia roho yake, kwa kuwa tulikuja kutoka mbali. “Mama, jambo lenu ni jepesi. Ninayo hapa Fomu ya Kuthibitisha Kuwa Njia Inapitwa. Siku nitakayoiona kwa macho yangu inapitwa, nagonga mhuri palepale.”

“Itapitwaje na ina ukuta?”

“Ukuta si wangu. Nendeni Ofisi ya Kuta, ghorofa ya pili, muombe uondolewe.”

“Wao watataka nini?” nikauliza.

“Watataka uthibitisho kwamba njia inapitwa.”

“Unatoka wapi huo?”

“Hapa kwangu,” akasema Bwana Mzirai, na akatabasamu kama mtu anayekuonyesha picha ya mtoto wake wa kwanza.

Bibi alitoa ile karatasi ya daftari kifuani, akaifungua mezani kwa vidole viwili. Bwana Mzirai aliisoma mara mbili. “Wanawake wawili wenye ndoo,” akasema. “Kipimo hiki hakimo kwenye jedwali letu. Ndoo zenyewe ziko wapi?”

“Zilitoboka zamani.”

“Na wanawake?”

“Mmoja alikuwa mama yangu. Nimemzika nyuma ya mashine.”

Bwana Mzirai alivua miwani kwa heshima, akanyamaza kwa muda unaostahili afisa wa daraja lake. Halafu akavaa miwani. “Pole sana, mama. Basi kipimo nacho kimefariki. Nitaunda Tume.”

*

Tume ya Ndoo ilifika Alhamisi. Ilikuwa na wajumbe saba wenye vizibao vya njano, wote wanaume, kwa sababu orodha ya safari ilijaa kabla haijafika kwenye herufi za wanawake. Kazi yao ilikuwa kupima ni nafasi kiasi gani watu wawili wenye ndoo wanahitaji ili wapishane. Kwa vile njia yenye mgogoro hairuhusiwi kupitwa hadi mgogoro uishe, walipima barabarani.

Ndoo mbili zilijazwa maji. Wajumbe wawili walijitwisha kwa msaada wa wajumbe watano. Walipeana mgongo, wakahesabiwa hatua ishirini, wakageuka, wakaanza kusogeleana wakitazamana machoni kama watu wanaodaiana maelezo. Walikutana katikati ya barabara kuu, ambayo ina upana wa kupisha malori mawili, na hapo ndoo zote mbili zikaanguka.

Wakarudia. Mara ya tatu Mwenyekiti wa Tume alipoteza kizibao.

Wakati huohuo mama mmoja alikuwa anatoka kisimani na ndoo kichwani, mikono yake yote miwili imeshughulika kumenya chungwa. Mwingine alikuwa anakuja upande wa pili, ndoo kichwani, mtoto mgongoni. Walipishana katikati ya Tume, wakasimama, wakageuka na ndoo zao.

“Poleni, baba zangu,” mmoja akasema. “Kuna msiba?”

“Tunafanya utafiti!” Mwenyekiti akajibu, akikamua shati.

Ripoti ilitoka siku ileile, jambo ambalo ni nadra. Ilisema: “Tume imebaini kuwa watu wawili wenye ndoo hawawezi kupishana mahali popote nchini. Kwa hiyo njia ya aina hiyo haijapata kuwepo.”

Nilimsomea bibi. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa anazunguka mashine. “Ina maana,” akasema, “mimi nimezaliwa na mwanamke aliyepishana na mwenzake mahali ambapo hapakuwepo.”

“Ndivyo inavyosema Tume, bibi.”

“Soma tena.”

Nikasoma tena. Safari hii hata hakunisikiliza. Alikuwa ameshatoka nje kuangalia mabati.

*

Ijumaa, mawe ya kando ya barabara yalipakwa chokaa. Kila mtu wa nchi yetu anajua maana yake. Ng’ombe wakifukuzwa barabarani na mawe yakavaa nyeupe, mgeni rasmi anakuja. Mjumbe wa nyumba kumi alipita akitangaza: Jumatatu saa tano kamili asubuhi, Mheshimiwa Waziri wa Maendeleo Yanayoonekana ataweka jiwe la msingi la Hoteli ya Utulivu. Wananchi wote wahudhurie kwa hiari yao, majina yataandikwa.

Jumatatu saa tano. Njia yetu ilikuwa inakufa Jumatatu saa sita.

Hapa ndipo inapohitajika sababu ya likizo yangu.

Shuleni kwetu vyoo vilikuwa vinafungwa kwa kufuli muda wa masomo, kwa kuwa Matroni aliamini kuwa msichana akienda chooni saa nne anakwenda kufikiri. Siku ya mahafali alialikwa mgeni rasmi, mkubwa mmoja wa mkoa, aje azindue maktaba. Ili afike maktaba alilazimika kupita mbele ya vyoo. Sisemi ni nani aliyefunga utepe kwenye mlango wa vyoo na kuweka mkasi juu ya sahani. Nasema tu kilichotokea. Mgeni rasmi aliuona utepe, mguu wake ukakata kona wenyewe, mkono ukanyooka wenyewe, utepe ukakatika, walimu wakapiga makofi kwa mazoea. Akasoma hotuba yake yote palepale mlangoni, dakika ishirini na tano, juu ya umuhimu wa kupenda vitabu.

Na nchi yetu ina Sheria ya Uzinduzi: kilichofunguliwa na mgeni rasmi hakifungwi na mtu yeyote, isipokuwa mgeni rasmi wa cheo cha juu zaidi. Tangu siku hiyo kufuli la vyoo limehifadhiwa ofisini. Maktaba, kwa kuwa haikuzinduliwa, bado imefungwa. Nami nikapewa barua.

Lakini nilikuwa nimejifunza jambo ambalo halimo kwenye silabasi. Mgeni rasmi haoni jengo, haoni mlango, wala wewe hakuoni. Anaona utepe.

Nilimweleza bibi yote haya nikiwa nimesimama wima na mikono nyuma, kama tunavyofundishwa.

“Huo ni utundu,” akasema.

“Ndiyo, bibi.”

“Mwalimu wako alifanya vyema kukurudisha nyumbani.”

“Ndiyo, bibi.”

“Mama yako nitamwandikia.”

“Ndiyo, bibi.”

Alikaa. Akasimama. Akaenda mlangoni, akarudi. “Huo utepe,” akauliza, “unatakiwa uwe wa upana gani?”

*

Alikata pindo za kanga zake tatu, akaziunga kwa mkono. Nilitia shaka kuhusu rangi, kwa sababu utepe rasmi lazima uwe na rangi za taifa. Bibi akanikumbusha kuwa Bunge lilikuwa linazibadilisha rangi nazo, kwa hiyo wiki hiyo hapakuwa na mtu mwenye uwezo wa kusema tumekosea. Mkasi tulitumia ule wa kukatia magunia, mkubwa kama mguu wa kuku. Tuliulaza juu ya ungo, na ungo tukautandika kitambaa cha kufuma kinachotolewa kabatini kwa wageni na maharusi tu.

Jumatatu saa nne asubuhi tulipanda kutoka korongoni. Mzee Senkondo alikuwa zamu. Kwa siku saba alikuwa amekula viazi vitamu tu, na uso wake ulikuwa umeanza kufanana navyo. Alituangalia tukipigilia utepe kwenye bati la kumi na saba.

“Mnafanya nini hapo?”

“Tunapamba,” nikasema.

Alifikiri. “Kupamba sijakatazwa,” akasema, akatugeuzia mgongo, akaanza kulinda upande mwingine kwa bidii kubwa.

Saa tano ikafika. Mheshimiwa hakufika, na hakuna aliyetazamia afike, kwa maana mgeni rasmi akifika kwa wakati watu hudhani amefukuzwa kazi. Saa tano na nusu bendi ilirudia wimbo mmoja kwa mara ya tisa. Saa sita kasorobo alifika Bwana Mzirai kwa baiskeli, na mkoba wenye karatasi mbili: Fomu ya Kuthibitisha, ambayo hakutarajia kuitumia, na hati ya kifo ya njia, iliyojazwa yote isipokuwa saa. Alisimama kando ya bati akiangalia saa yake ya mkononi kwa huzuni ya kikazi.

“Pole, mama,” akamwambia bibi. “Imebaki robo saa.”

Bibi alinyoosha kitambaa chini ya mkasi. Kisha akaushika ungo kwa mikono miwili.

Saa sita kasoro dakika nane, ving’ora. Pikipiki, magari meusi, gari jeupe, magari meusi. Msafara ulitupita kwa kasi ukielekea getini. Vumbi likatufunika.

Halafu breki. Gari jeupe lilisimama, likafikiri, likaanza kurudi kinyumenyume. Msafara wote ukarudi kinyumenyume. Mlango ukafunguliwa, na Mheshimiwa Waziri wa Maendeleo Yanayoonekana akateremka mkono wake wa kulia ukiwa umeshanyooka, kama mtu anayeomba sabuni bafuni.

Afisa Itifaki alitukimbilia na ratiba. “Hii imetoka wapi? Kwenye ratiba haimo!”

“Ratiba ameiandika nani?” nikauliza kwa upole.

“Mimi.”

“Basi ina kosa, afande. Nimwambie Mheshimiwa, au utamwambia mwenyewe?”

Alinitazama. Akatoa kalamu. “Kipengele cha nne, herufi be,” akasema huku akiandika. “Uzinduzi wa… wa nini?”

“Njia ya Mashineni.”

Bibi alipiga goti na ungo. Mheshimiwa akachukua mkasi, utepe ukakatika, bendi ikapiga, makofi yakalia. Na nyuma ya utepe pakabaki bati.

Mheshimiwa alilitazama. Mgeni rasmi wa nchi yetu lazima awe wa kwanza kupita katika kitu alichokifungua. Bila hivyo uzinduzi haujakamilika.

Mkurugenzi wa Kampuni alikuja mbio kutoka jukwaani, tai ikiwa begani. “Mheshimiwa, samahani, hapo hakuna kitu! Shughuli iko kule!”

“Hakuna kitu?” Mheshimiwa aliuliza taratibu. “Unasema nimezindua kitu ambacho hakipo?”

Kimya kikashuka mpaka kwenye tarumbeta. Mara ya mwisho jambo hilo lilipotokea lilihusu daraja, na afisa aliyehusika sasa anatunza mnara wa kuongozea meli, na nchi yetu haina bahari.

“Kipo, Mheshimiwa,” Mkurugenzi akasema kwa sauti ndogo. “Kipo… nyuma ya bati.”

“Basi litoke.”

“Senkondo!” akaita Mkurugenzi.

Sijapata kumwona mtumishi akitii amri namna ile. Mzee Senkondo alilikamata lile bati kwa mikono miwili, akalitia goti, likang’oka na misumari yake yote kama jino bovu. Nyuma yake ilikuwapo njia, na majani machache yaliyokuwa yameanza kujaribu bahati yao, na masale pande zote mbili. Mheshimiwa akaingia. Wakamfuata walinzi, bendi, waandishi, watoto wa shule na mama mmoja mwenye ndoo ya mahindi, ambaye hakuna aliyejua alikuwa ameificha wapi.

“Inapitwa!” akapiga kelele Bwana Mzirai, akiwakimbilia na mhuri. “Nimeiona! Saa sita kasoro dakika mbili, inapitwa!” Akainamisha mgongo wa mtoto mmoja wa shule, akaiweka fomu juu yake, akagonga mhuri palepale, kama alivyoahidi.

*

Lakini Kampuni haikuwa imemaliza. Tulipofika mashineni, Mkurugenzi na mwanasheria wake walimsogelea Mheshimiwa, mmoja sikio la kulia na mwingine la kushoto. Nilikuwa karibu, nikasikia. Walisema njia hiyo ni ya zamani. Walisema bibi ana karatasi. Walisema sheria hairuhusu kuzindua kitu cha zamani, kwa hiyo utepe ule ni batili, na kesho asubuhi wana haki ya kurudisha bati lao na kuanza kuhesabu siku saba upya. Wiki nzima walikuwa wameapa kuwa njia haijapata kuwepo. Sasa wao ndio waliokuwa mashahidi wake wakubwa.

Uso wa Mheshimiwa ulibadilika. Alimgeukia bibi mbele ya watu wote.

“Mama,” akasema, “niambie ukweli. Njia hii ilikuwepo kabla sijaifungua?”

Niliona mkono wa bibi ukienda kifuani, pale ilipokuwa karatasi. Dole gumba la baba yake lilikuwa humo. Akisema ilikuwepo, bati linarudi. Akisema haikuwepo, anamkana baba yake, na mama yake aliyelala hatua kumi nyuma ya mashine, na yule mwenzake waliyepishana naye mara tatu. Mkono ulibaki pale. Mwanasheria akafungua kalamu. Bwana Mzirai aliacha kupuliza mhuri wake.

Kwa mara ya kwanza katika wiki nzima, bibi alitulia kabisa.

“Mheshimiwa,” akasema, “nina miaka sabini na moja. Nimezaliwa hapa. Sijapata kumwona waziri akipita hapa. Hata siku moja.”

Mheshimiwa alimtazama mwanasheria. “Umesikia? Hata siku moja.” Akapandisha suruali. “Basi ni mpya.”

Makofi yakalia. Mheshimiwa akatoa hotuba mfukoni, ile ya hoteli, akakohoa. Bibi naye akamsogelea yule mama mwenye ndoo, akaipokea, akamimina mahindi, akavuta kamba ya injini.

Mashine ikaamka. Ilikuwa imepakwa grisi mara kumi na nane. Mabati ya paa yalitetemeka, meno ya watu yalitetemeka, na unga mweupe ukapanda hewani ukashuka juu ya suti ya Mheshimiwa na tai ya Mkurugenzi bila kubagua. Hotuba ilikuwa ya dakika arobaini. Tuliona midomo ikienda. Ilipoacha kwenda tukapiga makofi. Magazeti ya kesho yake yalisema ilikuwa hotuba iliyowagusa wananchi.

*

Kwa kuwa kipengele cha nne, herufi be, kilikula muda wote, jiwe la msingi la hoteli halikufika jukwaani. Mheshimiwa aliliweka wakati anarudi kwenye gari, pale mdomoni mwa njia, ambapo watu wanne waliokuwa wamelibeba walikuwa wamechoka. Msomaji wa nchi yetu anajua kuwa jengo likishawekewa jiwe la msingi halijengwi tena. Mimi binafsi najua mawe thelathini na moja, na mojawapo lina kichuguu kirefu kuliko jengo lililokusudiwa. Hili letu lina kimo cha mapajani. Kina mama wamegundua kuwa ukitua ndoo juu yake unaweza kujitwisha bila kuomba msaada wa mtu. Wanalisifu sana. Wanasema ni mradi wa kwanza wa serikali kuwa na kimo sahihi.

Mzee Senkondo alichukua unga wake jioni ileile. Bado ni mlinzi. Analinda mabati yaliyobaki, na wanaopita anawauliza wao ni nani, kisha anawasaidia kushika ndoo.

Kesho yake bibi aliniuliza, akiwa anachekecha unga, bila kunitazama: “Vone, nilimkana baba?”

“Hapana, bibi. Ulijibu ulichoulizwa.”

“Niliulizwa kama ilikuwepo.”

Aliweka chekecheo chini, akatoka, akawaita wanawake wawili waliokuwa kwenye foleni. Akawajaza ndoo mpaka juu, akawapishanisha mara tatu katikati ya njia, mmoja akienda na mwingine akirudi. Viwiko viligusa masale yaleyale. Penye pengo tulipanda mengine. Karatasi ikarudi kwenye kopo lake.

Nasikia Kampuni imeomba mgeni rasmi wa cheo cha juu zaidi aje aifunge njia. Wamewekwa kwenye foleni. Bibi hakai. Kila king’ora kikilia barabarani anazima mashine, anasimama mlangoni, anasikiliza hadi kipite. Mkasi umenolewa, upo juu ya ungo, na nusu ya utepe iko kabatini pamoja na kile kitambaa, kwa ajili ya huyo mkubwa zaidi.

Mimi likizo yangu imekwisha. Narudi shule Alhamisi, nikiwa nimejirekebisha, na barua ya bibi ya kuthibitisha hivyo. Sandukuni nina sare mbili, sabuni, sukari, na nusu nyingine ya utepe.

Maktaba, nimeambiwa, bado imefungwa.